Haidrenjia za Molo kwenye jua la Kisumu: uchambuzi wa harusi moja ya Februari

Saa nne na robo asubuhi, Jumamosi tarehe 15 Februari 2025, vichwa 64 vya haidrenjia, ua la kishada kikubwa cha mviringo, vilikuwa vimeinama kwenye upinde wa harusi katika bustani moja karibu na Dunga, Kisumu. Havikuwa vimekauka wala kubadilika rangi. Vilikuwa vimelegea tu, kila petali kama leso iliyoloa jasho. Kanisani ibada ilikuwa imeshaanza, na maharusi walitarajiwa bustanini saa saba. Nilikuwa na saa mbili na dakika 45, msaidizi mmoja, dereva mmoja, na shangazi wa bwana harusi aliyeachwa nyuma kusimamia mapishi. Yeye ndiye aliyenikuta nimesimama mikono kichwani.

Nauza na kupamba maua Nakuru, huu ukiwa mwaka wa kumi na mmoja. Kisa hiki nakieleza chote, pamoja na makosa yangu, kwa sababu nimeona wapambaji wenzangu wakipoteza maua kwa namna hii hii kisha wakalilaumu jua na kuishia hapo.

Agizo lilikuja Novemba 2024. Mama wa bibi harusi aliingia dukani na simu mkononi, akanionyesha picha ya harusi iliyofanyika Uingereza: upinde uliojaa peoni nyeupe na za waridi hafifu, kubwa kama bakuli za uji. Akasema, "Mwanangu, nataka hivi hivi. Usinipunguzie hata ua moja."

Nilimweleza kwamba peoni hatuna. Mmea wake unahitaji baridi kali ya miezi kadhaa ukiwa umelala ardhini ndipo utoe maua, na hata huko Uingereza maua yake huonekana Mei na Juni tu. Kuyaagiza kutoka ng'ambo mwezi wa Februari kungegharimu kuliko hema, viti na vipaza sauti kwa pamoja. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akauliza swali ambalo kila mpambaji analijua: "Basi linalofanana nalo ni lipi?"

Nikajibu haraka: haidrenjia. Kosa la kwanza lilifanyika hapo, miezi mitatu kabla ya harusi, nikiwa nimekaa kitini dukani. Kwenye picha haidrenjia inafanana na peoni, kwa kuwa ni kubwa, ni laini, na kichwa kimoja hujaza nafasi ya mawaridi manne. Lakini katika namna ya kunywa maji hayafanani hata kidogo. Kitu nilichopaswa kumuuliza kabla ya kutaja ua lolote ni mahali: saa nane mchana, upinde huu utakuwa umesimama wapi? Sikuuliza. Niliandika kwenye daftari "Kisumu, bustani", tukahamia kwenye idadi ya meza.

Meza zilikuwa 14, upinde mmoja, shada la bibi harusi, mashada madogo matano ya wasimamizi, maua tisa ya kifuani na pambo la gari. Bei yote ilikuwa shilingi 118,000, nusu kulipwa mapema.

Jambo moja tulilifanya sawasawa, na ningependa wenzangu walizingatie, kwa sababu tarehe ile ilikuwa mbaya kwa mtu yeyote anayenunua waridi. Mashamba ya Naivasha hupanga mwaka wao kuzunguka Siku ya Wapendanao. Mnamo Desemba hukata au hukunja mashina ili machipukizi mapya yakomae yote kwa pamoja mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari. Mzigo wa Ulaya huwa umeondoka siku kadhaa kabla ya tarehe 14, maana lazima upite ndege, mnada au ghala, kisha ufike dukani. Baada ya hapo miwaridi huwa imechoka na mavuno hushuka. Ni wakati huo huo ambapo wimbi la pili hupanda, la kwetu wenyewe: watu wa Nakuru, Eldoret na Kisumu wanataka waridi jekundu tarehe 14 jioni. Mwaka ule tarehe 14 iliangukia Ijumaa, na harusi yetu ilikuwa kesho yake. Nilikuwa nanunua wakati mashamba yana machache na mji wote unataka mengi.

Mama alitaka mawaridi mekundu kidogo katikati ya meupe. Nilimsihi ayaache. Fungu la mashina 20 ya sentimita 50 ambalo kwa kawaida nalipata kwa shilingi 300 lilifika 750 wiki ile, kama ni jekundu. Rangi ya maziwa ilipanda hadi 400 tu, kwa sababu hakuna kijana anayemnunulia mchumba wake waridi la rangi ya maziwa siku hiyo. Kwa mafungu 22 tuliyohitaji, tofauti ilikuwa kubwa. Mtu yeyote mwenye harusi katikati ya Februari namshauri hivyo hivyo: achukue rangi ya maziwa, ya peachi au ya njano, na pesa itakayobaki aiweke kwenye majani mazuri.

Majani ya mkaratusi tulikata Njoro. Haidrenjia nilizitoa kwa mama mmoja wa Molo anayezipanda nyuma ya nyumba yake, karibu na shamba la pareto. Kule ni juu, kama mita 2,500, na udongo una asidi, ndiyo maana haidrenjia zake za rangi huwa za buluu bila yeye kuongeza kitu. Nilimwomba nyeupe. Na kwa mdomo wangu nilimwambia, "Mama, nikatie zile laini laini, changa, zinazong'aa." Maneno hayo yalinirudia baadaye.

Alikata Alhamisi jioni. Usiku kucha zilikunywa maji kwenye ndoo dukani kwangu, na usiku wa Nakuru ni baridi ya kutosha hata bila jokofu. Ijumaa nilikuwa na foleni ya wapendanao mlangoni kuanzia asubuhi hadi saa mbili usiku. Upinde tulianza kuujenga saa tatu usiku tukiwa tumechoka. Tuliupanga vipande vinne juu ya vitalu vya fomu ya maua, ile sponji ya kijani ya kuchomekea mashina, ili Kisumu tuje tuviunganishe tu. Saa tisa usiku gari likaondoka.

Barabara hiyo inafundisha, ukiwa macho. Unapita Salgaa, unapanda hadi Mau Summit ambako vioo vya gari hupata ukungu, unashuka kupitia Kericho kwenye majani ya chai, kisha Awasi, na ukifika Ahero kwenye mashamba ya mpunga unavua sweta bila kuambiwa. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Kutoka shamba la Molo, maua yale yalikuwa yameshuka zaidi ya mita 1,300 kwa siku moja na nusu. Kwa hesabu ya kawaida ya wanajiografia hiyo ni tofauti ya nyuzi nane au tisa za joto, kabla hujaongeza jua la Februari, ambalo mchana wa Kisumu hufikisha nyuzi 30 na kitu.

Tulifika saa moja kasoro. Saa moja na nusu upinde ulikuwa umesimama, mzuri kuliko ule wa picha, nasema bila kujisifu. Uliangalia mashariki. Hema lililopaswa kuufunika lilikuwa halijafika, na lilifika saa tatu.

Nilijua kuna shida nilipogusa kichwa kimoja ili nikigeuze. Haidrenjia yenye afya ukiigusa inakurudishia mkono kidogo, kama unga uliokandwa vizuri. Hiki kilibaki pale pale nilipokisukuma.

Kazi ya saa mbili zilizofuata niliifanya kwa mikono inayotetemeka, lakini hatua zilikuwa sahihi, na kwa hilo nashukuru miaka ya kazi. Haidrenjia ina sifa moja ambayo maua mengi hayana: hunywa maji kwa kichwa pia. Yale yanayoonekana kama petali yanaweza kufyonza maji moja kwa moja. Kwa hiyo tulizing'oa zote 64 kutoka kwenye fomu, tukaazima karai kubwa tatu jikoni, tukazizamisha kichwa chini kabisa ndani ya maji ya kawaida kwa dakika 40. Wakati huo shangazi alikuwa ameshaelewa jambo. Aliuliza, "Nyathina (yaani mwanangu, kwa Kijaluo), unataka nini tena?" Nikamwambia maji yanayochemka. Alikuwa na sufuria nzima ya maji ya chai.

Kila shina tulilikata upya kwa mshazari, tukachovya sentimita tatu za mwisho kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika, tukalirudisha kwenye maji baridi. Haidrenjia hutoa utomvu unaoziba njia ya maji pale ulipokata, na joto huuyeyusha na kutoa hewa iliyonaswa. Mashina ya mwisho, maji ya chai yalipohitajika jikoni, tulichovya kwenye unga wa shabu, ile ile ya kinyozi. Kopo lake huwa halitoki kwenye sanduku langu la vifaa.

Upinde, wakati huo, ulikuwa mbavu za chuma tu. Shangazi aliutazama, akasema, "Maua yako yamezoea baridi. Huku weka vitu vya ziwa." Akawatuma vijana wawili Dunga kwa wakata mafunjo, wale wanaowauzia wasukaji wa mikeka na viti. Walirudi na mkokoteni wa mabua marefu kuliko mimi, kila bua na kichwa chake cha nyuzi za kijani kama fataki iliyosimama hewani. Tuliyasimamisha kwenye ndoo nne za maji chini ya nguzo za upinde. Mafunjo humea yamesimama majini. Ndoo ya maji kwake ni kama nyumbani.

Mwenye bustani alituruhusu kukata bogenvilia ya uzio. Kiangazi ndicho kipindi chake. Kadiri mvua inavyopungua ndivyo inavyotoa rangi. Ila nayo hulegea upesi ukiikata ovyo. Chagua tawi ambalo rangi yake imekomaa na viua vidogo vyeupe vya katikati vimefunguka, toa majani yote, liingize majini papo hapo. Tulizifunga kwenye vichupa vya maji, tukachanganya na mawaridi ya akiba ya rangi ya maziwa. Msanapichi, ambao wengi huku huuita franjipani, ulikuwa umedondosha maua chini ya mti. Msaidizi wangu aliyaokota yasiyo na doa, akayaelesha kwenye bakuli za maji pale meza kuu. Kijana mmoja wa mkokoteni alipendekeza maua ya gugu maji, na kweli zambarau yake inavutia, lakini ukiling'oa ziwani halichukui muda kusinyaa. Nilimshukuru tu.

Saa sita na nusu tulizitoa haidrenjia. Kati ya 64, zilizosimama tena zilikuwa 41. Tukazigawa kwenye meza, kivulini, kwenye mitungi ya kioo yenye maji, bila fomu. Zilikaa hivyo hadi sherehe ilipoisha saa kumi na mbili jioni.

Mama wa bibi harusi aliposhuka garini alisimama mbele ya upinde ule wa kijani na zambarau, akanyamaza kwa muda ambao nautambua hata sasa. Akasema, "Haya siyo niliyoagiza." Nikamjibu, "Ndiyo Mama, siyo. Uliyoagiza yamelegea kwa makosa yangu. Naomba nikueleze sherehe ikiisha." Hakunijibu. Binti yake alipiga picha nyingi pale kwenye mafunjo, lakini sitalitumia hilo kujitetea. Mteja alilipia kitu kimoja akapata kingine.

Sasa sababu.

Watu wa kwanza kulaumiwa siku ile walikuwa wawili: jua, na dereva wangu, ambaye njiani alinunua kichane cha ndizi mbivu akakiweka nyuma pamoja na maua. Fundi mmoja wa mapambo aliyekuwepo alisema gesi ya ndizi ndiyo iliyoua maua. Namtetea dereva. Ni kweli matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na ni kweli hayapaswi kusafiri na maua. Karnesheni hufumba na kulala kwa sababu yake. Lakini kwa kawaida gesi hiyo hutaka muda mrefu kuliko saa ile moja na kitu kuanzia ndizi zilipopakiwa, na haidrenjia si ua linalosumbuliwa nayo sana. Tena lililotupata halikuwa kuzeeka. Ua lililozeeshwa na gesi halirudi ukilizamisha majini, na 41 zilirudi.

Majibu niliyapata kwenye zile 23 zilizokataa. Jioni, wenzangu wakila, niliziweka marundo mawili kandokando, nikazipapasa moja moja. Zilizopona zilikuwa nzito, ngumu kidogo, kama karatasi ya bahasha, na katikati ya kila kishada vile viua vidogo vya kweli vilikuwa vimefunguka. Zilizokufa karibu zote zilikuwa laini kama tishu, na viua vya katikati bado vimefumba. Zilikuwa changa. Mama wa Molo alinikatia nilichomwomba, na ana macho mazuri: aliponiletea mchanganyiko ni kwa sababu changa hazikutosha. Haidrenjia changa hupoteza maji haraka kuliko shina lake linavyoweza kuyavuta. Iliyokomaa haivutii sana dukani, lakini ndiyo inayosafiri.

Halafu nilichukua kisu nikapasua kitalu kimoja cha fomu. Nje kilikuwa kijani kizito, kimeloa hadi kinachuruzika. Ndani, katikati kabisa, palikuwa na kiini cha ukubwa wa ngumi, rangi hafifu, kikavu kama siku kilipotoka kwenye katoni. Nilipasua cha pili, vivyo hivyo. Fomu inatakiwa kuwekwa juu ya maji iachwe izame yenyewe, taratibu, kwa uzito wake. Ukiisukuma kwa mkono, nje hulowa kwanza na kuifungia hewa ndani, na hewa hiyo haitoki tena hata ukiiloweka siku nzima. Saa tatu usiku wa Ijumaa, baada ya kuhudumia foleni ya wapendanao, mimi niliisukuma kwa mkono. Nakumbuka kabisa. Shina refu lililofika kwenye kiini lilikuwa linanyonya hewa.

Jua la saa moja na nusu hadi saa tatu lilimalizia. Naliweka nafasi ya tatu, na kuchelewa kwa hema nalihesabu humo humo. Haidrenjia zilizokomaa, kwenye maji ya kweli, zingestahimili saa ile moja na nusu, na 41 zilizokaa mezani hadi jioni katika joto lile lile la Kisumu, japo kivulini, zinaniunga mkono.

Mawaridi nayo yana neno lake, fupi. Hayakulegea, ila yalifunguka mno. Yale niliyoyataka nusu wazi saa nane yalikuwa wazi kabisa saa tano. Kwa Kisumu nunua waridi lililofumba zaidi kuliko unavyonunua kwa Nakuru.

Jumatatu nilimpigia mama wa bibi harusi, nikamweleza yote haya, pamoja na fomu. Alitaka arudishiwe shilingi 20,000. Tulikubaliana 14,000, ambayo ndiyo iliyokuwa bei ya upinde nikitoa usafiri, na nilimtumia siku hiyo hiyo. Faida yangu ya harusi ile ilibaki kidogo sana. Mkulima wa Molo nilimlipa kila kichwa, zikiwemo 23, maana yeye hakukosea.

Tangu hapo, ukurasa wa kwanza wa daftari la maagizo umebadilika. Kabla ya rangi na idadi naandika mji, saa ya joto kali, kivuli, na upande ambao upinde utaangalia. Ua jipya kwa safari ya ziwani linajaribiwa kwanza: mashina mawili nayaweka kwenye kibanda cha plastiki cha jirani anayepanda nyanya, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa. Kwa upinde wa Kisumu natumia helikonia, krisanthemamu, mafunjo, na mawaridi kwenye vichupa vya maji. Fomu nimeiacha kwa kazi zote za nje. Nakunja wavu wa kuku ndani ya chombo cha maji, unashika mashina vizuri, unatumika tena harusi kumi, na hauachi vipande vya plastiki visivyooza kwenye bustani ya watu. Haidrenjia bado nauza. Naenda Molo mwenyewe kuzikata.

Agosti alinipigia mama yule yule. Binti wa pili alikuwa anaposwa, nyumbani kwao Lanet, hapa Nakuru, ndani ya sebule na veranda. Akaanza: "Mwanangu, haidrenjia sitaki hata kuzisikia." Nikamwambia kwamba kwa Lanet, kwa baridi ile ya Agosti, na ndani ya mitungi ya maji, haidrenjia ndilo ua ambalo ningemchagulia kwanza. Alisita. Siku nne kabla ya shughuli nilimpelekea kichwa kimoja kilichokomaa, cha buluu, nikamwomba akiweke kwenye jagi mezani, asikifanyie kitu kingine ila kuongeza maji. Siku ya tatu asubuhi alinitumia picha yake kikiwa wima, na chini yake ameandika: "Leta thelathini."